Somo Yangu, Bado Uko kwa Penseli

Mpendwa somo yangu Josefu,

Bahasha hii sikuifunga, na si kwa kukosa gundi. Nimeandika nakala nne kwa mkono wangu, nikawapa wenzangu wa hotelini wanaokwenda likizo bara: mmoja Webuye, mmoja Nakuru, mmoja Kisumu, mmoja Kitale, maana kila ninayemuuliza habari zako hunitajia mji wake. Nimewaambia wasome wakitaka, na wakimkuta mtu anatengeneza redio huku anapiga mluzi, wampe. Kuna neno moja nimelificha miaka miwili na kulibeba kumenichosha. Sasa naliacha liende wazi.

Lakini salamu kwanza, hata mwenye aibu hakosi salamu. Huku Bongwe hatujambo. Mama Sofia wangu anakusalimu, ingawa hajui bado ninayokuandikia. Nitamsomea leo kabla barua haijatoka nyumbani. Ukunda imekuwa na maduka hata hutayatambua, na pale kilipokuwa kibanda chako sasa mama mmoja anauza mitumba. Mimi hupita njia ya nyuma.

Kwa vile wengine wataisoma kabla yako, acha niseme sisi tulikuwa nani. Wewe ulikuwa fundi redio mwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko la Ukunda, mtu wa bara uliyekaa pwani miaka ishirini na ushei na bado mbaazi za asubuhi zikikushinda. Mimi ni karani wa stoo katika hoteli moja ya Diani, Mdigo wa Bongwe, mwenye hati nzuri na mdomo mrefu. Jina letu ni moja: wewe Josefu wa kanisani, mimi Yusufu wa chuo cha Kurani. Nilikwambia kwamba huku kwetu watu wa jina moja huitana somo. Ukalipenda neno hilo, na tangu siku hiyo hukuniita vingine.

Unakumbuka tulivyojuana? Nilikuletea redio kaseti yangu, mlango wake umekwama, nimeifunga kwa gazeti kuukuu. Gazeti lenyewe lilikuja stoo limezungushiwa glasi za klabu moja ya Mombasa iliyokufa, hoteli ikachukua vyombo vyake. Wewe redio hukuigusa. Ulilikunjua gazeti juu ya meza, ukalinyoosha kwa kiganja, ukaweka kidole kwenye picha ya watu kumi na mmoja walioshika magongo.

"Huyu mwenye masharubu," ukasema, "huyu jamaa alinifunga mabao mawili."

"Wewe ulicheza hoki?"

"Kipa. Timu ya kazini, Mombasa. Na wewe unajua hoki?"

"Kucheza sijui," nikakujibu. "Lakini uwanja huo unaouona hapo, mistari yake niliipiga chokaa mimi. Miaka mitatu."

Lo! Tulivyocheka siku hiyo. Alikuja mteja na pasi yake mbovu, akangoja, akachoka, akaenda zake nayo. Kwale nzima sikuwa nimewahi kupata mtu wa kuzungumza naye mpira wa magongo. Nikiutaja, watu huniuliza, "Ule wa Wahindi?" kisha hao, wamesharudi kwenye soka lao. Wewe uliniuliza ile chokaa tulikuwa tukiichanganya na nini mvua isiichukue. Hapo nilijua nimepata mwenzangu, na nilirudi nyumbani ninaongea peke yangu njia nzima kwa furaha.

Ni wewe uliyetoa shauri la kuwaandika. "Hawa wazee wanaisha, somo," ulisema, "na hakuna mahali wameandikwa. Hata majina." Basi tukanunua kaunta buku tatu zenye jalada gumu, tukaanza, mimi na wewe, watu wazima wenye mvi, bila kutumwa na yeyote. Mama Sofia alikuwa akituuliza kama kazi hiyo ina cheti mwishoni.

Na utaratibu ulikuwapo, asikudanganye mtu. Mimi nilifukua magazeti ya stoo, glasi moja baada ya nyingine, nikitoa majina. Wewe kila mteja aliyekuletea redio ulimuuliza kama kwao kuna mzee aliyecheza magongo. Tukimpata, mara ya kwanza hatukwenda na redio kaseti. Tulikwenda kwa baiskeli kumwamkia tu, shikamoo, tukae, tunywe chai, tumwachie kilo ya sukari. Mara ya pili ndiyo ya kaseti, na betri tulikuwa tumezianika juani juu ya bati la kibanda chako zipate nguvu. Swali la kwanza lilikuwa moja kwa wote: "Gongo lako la kwanza ulilipata wapi?" Ulishikilia kwamba ukimuuliza mtu alizaliwa lini atakubahatishia, lakini gongo lake la kwanza hawezi kulisahau. Na kweli, hawakusahau. Mmoja alilichonga mwenyewe kwa mti wa mkoko, likawa zito hata likamvunja mwenzake kidole. Alipofika hapo ilibidi tusimamishe kaseti, maana alikuwa akilia.

Kisha kunakili, na hiyo ilikuwa kazi yangu. Unabonyeza, unasikiliza maneno sita au saba, unabonyeza kusimamisha, unaandika, unabonyeza tena. Kaseti moja hunila wiki. Kitufe cha kusimamisha kilipolegea ulikitia springi ya redio nyingine, kubwa kupita kiasi, kikawa kinalia tak! kama mtu anayevunja kijiti. "Hii sasa hata nikiwa barabarani nitajua uko kazini," ulinitania. Na ilikuwa kweli, mara nyingi ulifika kwangu ukaanza kuhesabu nje ya mlango: "Tak moja, tak mbili, somo fungua, chai iko?" Kitufe hicho, tafadhali, kikumbuke.

Tuligombana pia, tusijifanye malaika. Mzee akisema neno likakatika, mimi nilimmalizia. Nilimpangia sentensi, nikamtia na methali mbili tatu zilizokuwa zangu. Ulisoma ukaguna. "Wewe Yusufu, huyu mzee hakusema hivi. Hii umempaka poda."

"Nimemsaidia."

"Alikuomba?"

Ukachukua raba ukanifutia ukurasa mzima, mbele ya macho yangu, hati yangu yote ile nzuri. Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikaandika upya alivyosema, na vikohozi vyake, na kwikwi yake, na ukurasa ukawa na mtu ndani. Sikukwambia hivyo wakati ule kwa sababu ya kiburi. Nakwambia leo.

Raba ilifuta kwa sababu ilikuwa penseli, na hiyo ndiyo sheria yetu kubwa. Lolote mtu alilolisema juu ya nafsi yake tuliliandika kwa penseli. Akipatikana mtu wa pili aliyekuwapo, akalithibitisha, ndipo nilipolipitishia wino wa chupa. Mimi nilikuja na jambo hilo kutoka chuoni, na wewe ukasema hata kanisani kwenu shahidi mmoja hatoshi. Ukaongeza na lako: shahidi bora ni yule aliyekuwa upande wa pili, kwa kuwa yeye hana sababu ya kulipamba. Nililiandika hilo kwenye jalada la ndani, kwa wino, maana tulikuwa wawili tulioliafiki.

Yule mwenye masharubu wa gazetini tulimpata Gazi. Mzee Rajabu. Alianza kwa kuifulia timu jezi, siku moja wakapungukiwa mtu, wakamtia uwanjani na suruali yake ya kufulia, hakutoka tena miaka tisa. Alitusimulia siku alipoifunga timu fulani ya kazini mabao matatu. Wewe umekaa mbele yake kwenye mkeka, umemshikia redio, unamsikiliza anavyokufunga, na mdomo umeufumba. Njiani ulicheka mpaka ukashuka baiskeli.

"Mbona hukumwambia kipa ni wewe?"

"Nikimwambia ataona haya, atapunguza," ukajibu. "Mwache afunge."

Lakini nilikuona, somo. Kucheka ulicheka, ila lilikuwa linakuuma kidogo. Uliniambia baadaye, tumekaa kibandani unachoma risasi ya kulehemu kwenye waya, kwamba siku ile ya mabao ulitoka uwanjani bila kumpa mtu mkono, na kwamba mtu mzima hatakiwi kubeba kitu kama hicho miaka yote hiyo. "Nitamwambia," ulisema. "Siku moja." Tukaenda Msambweni kwa Mwalimu Teresia, aliyewafundisha wasichana hoki na ambaye siku ile alikuwa mtazamaji. Akaweka kikombe chini. "Matatu? Rajabu alifunga moja, nalo lilimgonga mguu. Refa alikuwa akifuta miwani." Matatu, mawili, moja. Ukurasa wa Mzee Rajabu ukabaki kwa penseli, na tulivyoufurahia ule ubishi, sidhani kama tulitaka uishe.

Sasa nifike pale.

Wiki ile kabla ya mambo kuharibika, mwaka wa tisini na saba, ulikwenda Gazi peke yako. Mimi nilikuwa na zamu. Ulirudi na kaseti, ukanipa, na ulikuwa unatabasamu kama mtu aliyetua mzigo. Nikakuuliza kuna nini. "Isikilize mpaka mwisho," ukasema. "Usirukeruke. Mpaka mwisho, utaona."

Kisha zikaja zile fujo. Sitazieleza, aliyekuwapo anajua. Watu waliuawa, vibanda vilichomwa, na watu wa bara, majirani zetu wa miaka na miaka, wakaambiwa hapa si kwenu. Mama Sofia na watoto niliwapeleka kwa mamake Msambweni, nikabaki kulinda nyumba. Asubuhi ya siku ninayoisema walipita vijana wawili barazani kwangu. Mmoja namjua tangu anazaliwa. Wakaniamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha wakasema, "Mzee Yusufu, nyumba itakayoficha mtu itaungua na mtu wake." Wakaenda zao, hata hawakuharakisha.

Hotelini wageni walikuwa wamekimbia, kazi hakuna. Alasiri nikakaa chumba cha mbele nikaweka kaseti yako ya Gazi nianze kunakili, si kwa hamu, ila nipate la kufanya. Mlango nimeufunga, madirisha nimeyafunga, joto limejaa. Mzee Rajabu akiongea, mimi naandika kwenye karatasi, maana kaunta buku zilikuwa kwako. Nikasikia, "Hodi."

Ilikuwa sauti yako. Nami, somo, mkono wangu uliitangulia akili. Nikabonyeza kitufe. Tak.

Nilikuwa hatua nne kutoka mlangoni, na kwenye ule uwazi wa chini niliviona vivuli vya miguu yako. Ungeweza kuita jina langu, ungeweza kugonga kwa ngumi, roho yako ilikuwa hatarini. Hukufanya hivyo. Ulisema, "Hodi," mara ya pili, taratibu. Ukangoja. Ukasema, "Hodi," ya tatu. Na hiyo adabu nilikufundisha mimi! Mwaka wetu wa kwanza nilikucheka ulivyokuwa ukigonga milango ya watu kama askari, nikakwambia kwetu hodi ni tatu, usipoitikiwa urudi ulikotoka bila kinyongo. Ukaishika kuliko mimi mwenye mila.

Baada ya ile ya tatu ukasema, "Somo, madaftari nimekuwekea hapa barazani. Yasinyeshewe."

Vivuli vikaondoka. Sikuinuka mpaka adhana ya magharibi. Nilipofungua nilikuta kaunta buku zetu zote tatu, umezifunga kwa karatasi la nailoni, na juu yake penseli. Ulikuwa umeichonga.

Niliogopa, Josefu. Sina neno jingine na sitalipaka poda. Nilikuwa na nyumba ya makuti na watoto watatu, na niliogopa, na kama siku ile ingerudi leo sijui ningefanyaje. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Jirani mmoja aliniambia alikuona kesho yake na wengine wengi, mmejihifadhi kanisani upande wa Likoni, kisha mkapandishwa basi. Kwa hiyo najua ulitoka hai. Nimeshukuru kwa hilo kila sala, na kila sala nimeona aibu.

Watu walipouliza nilisema alasiri ile nilikuwa kazini. Nilimwambia mke wangu hivyo. Nilimwambia Mwalimu Teresia, alipoweka kikombe chini na kuniuliza, "Yule mwenzako yuko wapi?" Na nikafanya jambo ambalo wewe peke yako utajua ubaya wake. Nyuma ya kaunta buku ya tatu, pale tulipokuwa tukiandika ziara zetu, niliandika: "Alasiri hiyo mwandishi alikuwa kazini." Niliandika kwa wino. Kitabu chetu chote kilikuwa hakina mstari mwingine wa wino uliokosa shahidi.

Ukaniachia wasia mmoja tu, yasinyeshewe, na hata huo ulinishinda. Ile mvua iliyokuja baadaye mwaka huo huo, iliyokata barabara na kubomoa nyumba za watu, ilipenya makutini na kuingia kabatini. Nilipotoa kaunta buku, wino wote ulikuwa umekwenda na maji. Kurasa buluu tupu. Yote tuliyoyathibitisha, kwa baiskeli na jua lile, hayasomeki. Penseli haikuguswa. Mabao matatu ya Mzee Rajabu yapo pale pale, na lile moja la Mwalimu Teresia, na mguu, na miwani ya refa. Nilicheka kwanza. Kisha nikakaa chini nikalia, mtu mzima na mvi zangu, maana ule ungekuwa mchezo wako kabisa na hukuwapo kuucheka.

Ule mstari wangu wa uongo pia ulikuwa doa tu. Na nilifurahi, somo. Nakwambia ukweli, nilifurahi. Niliona Mungu amenifutia.

Nimenakili upya yote niliyoyakumbuka, kwa penseli, siku za mapumziko, peke yangu. Magazeti ya stoo yamekwisha. Wazee wanne nimewapata bila wewe, nikiwaandika papo hapo bila redio, na swali la kwanza naliuliza kama ulivyolipanga. Lakini nikirudi nyumbani hakuna wa kubishana naye. Najikuta nimempamba mzee, naacha hivyo hivyo, kwa sababu hakuna wa kuguna. Mama Sofia husikiliza kwa kunihurumia tu. Wakati mwingine natengeneza vikombe viwili vya chai, halafu nakasirika, namwaga kimoja. Nimekukosa hata katika mambo uliyokuwa ukiniudhi, ule mluzi wako, na tabia yako ya kuninyang'anya kalamu nikiwa katikati ya neno.

Ile kaseti ya Gazi sikuigusa. Ilikaa ndani ya redio pale nilipoisimamisha, na redio nikaifunika kitambaa.

Mwezi uliopita Mzee Rajabu alifariki. Nilikwenda mazikoni Gazi. Baada ya kuzika, binti yake alinikaribisha kahawa, akaniuliza, "Na yule kipa hakuja?"

"Kipa gani?" nikasema, maana katika nyumba ile hatukuwahi kutamka kwamba ulikuwa kipa.

"Mwenzako, fundi redio. Baba alikuwa akimtaja sana."

Nikaiacha kahawa, nikaenda zangu nyumbani. Nikaondoa kitambaa, nikatia betri mpya, nikabonyeza.

Mzee Rajabu akamalizia sentensi niliyomkatia miaka miwili. Kisha ikaja sauti yako. Sikuwa nimejiandaa kuisikia, nilishika meza. Ukamuuliza, "Mzee, ulipofunga, ulimtazama kipa usoni?"

Akakohoa. "Sikumtazama. Ukimtazama mtu usoni, mkono unaona haya."

"Kipa huyo, mzee... kipa alikuwa mimi."

Kuku wanasikika. Halafu yule mzee akaangua kicheko, akacheka mpaka kaseti ikakwaruza. "Ala! Si najua? Siku ile ya kwanza mmekuja na mwenzako mwenye maneno mengi, nilikutambua miguu ulipovua viatu. Miguuni ndiko nilikokutazama siku ya mabao."

"Ulijua? Na hukusema?"

"Ningekusemea mimi ingekufaa nini? Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Hayo mabao nikayazidisha makusudi upate kukasirika. Yalikuwa mawili, mwanangu. Lete mkono wako."

Kisha hakuna maneno, ila kicheko cha watu wawili, mpaka kaseti ikaisha.

Nimeisikiliza mara nyingi mno. Hicho ndicho ulichotaka nikisikie mpaka mwisho, na mimi nilisimamisha kabla yake kidogo tu ili nikufiche kwamba nimo. Yale mabao mawili nimeyatia wino, yana mashahidi wa pande zote mbili. Na hapo nikafungua ukurasa mpya nikakuandika wewe, wala sikukupamba. Josefu, fundi redio. Gongo lake la kwanza alipewa na mwalimu wa shule kwao, limepasuka, akalifunga kwa utepe wa waya za umeme. Alicheza kipa. Alibeba mabao mawili miaka mingi, kisha akayatua Gazi. Mbaazi zilimshinda. Mstari wa mwisho unasema: "Alasiri moja ya fujo alibisha hodi tatu Bongwe, kwa somo yake. Somo yake alikuwamo ndani, anamsikia."

Yote hayo ni kwa penseli. Ule mstari wa mwisho mashahidi wake duniani ni wawili tu. Mmoja ni mimi, na nimeshasema, mbele ya yeyote atakayeifungua bahasha hii. Wa pili alikuwa upande mwingine wa mlango, na sheria yako mwenyewe inasema huyo ndiye bora. Miaka miwili nimejiuliza kama uliisikia ile tak. Nikijidanganya nasema hukuisikia, uliyasemea yale maneno ya madaftari hewani. Lakini mtu hasemi na nyumba tupu, na kitufe kile ulikitia springi wewe.

Sikuombi uje, na msamaha si kitu cha kuagizwa kwa barua. Niandikie neno moja tu, ndiyo au la, nijue kama uliondoka pale unadhani sipo au unajua nipo. Ukisema ulijua, nitapitisha wino, na safari hii mvua ikija nitalala juu ya kitabu hicho. Usinisaidie kwa kulipamba.

Na kama siku moja njia itakuleta huku, usisimame kuhesabu tatu. Hodi moja itatosha.

Wako, somo yako aliyekuwamo ndani,
Yusufu
Bongwe